Habari za Vitabu vya Picha za Zamani, na Watu Wasiotajwa Majina

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa chama)



Ilipotangazwa ya kuwa mazungumzo ya leo yatakuwa juu ya vitabu vya picha za zamani, wako walionong'ona ya kwamba hayo ni mambo ya kupitishia wakati, yawafaayo watoto na wageni. Sisi twaona kinyume. Karani ndiye mtu anayejua tofauti ya karatasi yenye tarehe na sahihi na karatasi isiyo nazo. Barua ikifika mezani pake bila tarehe, bila jina la mwandishi wala la mwandikiwa, hata ingekuwa na habari kubwa namna gani, ataishika kwa wasiwasi. Basi picha ya zamani ni barua ya namna hiyo. Habari imo, tena nyingi, lakini mara nyingi tarehe haimo, na katika watu ishirini waliosimama, waliotajwa majina ni wawili. Kazi tutakayowaomba mwisho wa maneno haya ni kazi ya ukarani, wala hatumjui mtu mwingine wa kuifanya.

Yafaa kwanza tujue vitabu hivi vilipatikanaje. Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa Ufaransa mwaka wa 1839, na haukukawia sana kufika pwani yetu. Mwaka wa 1860 James Augustus Grant, aliyekuja pamoja na Speke kutafuta chanzo cha mto Nile, alipiga picha Unguja. Katika safari ya bara akaiacha kamera, akarudia kuchora kwa mkono. Hatumshangai. Siku hizo mpiga picha alikuwa mtu wa mizigo. Alihitaji vioo, chupa za dawa, maji safi, na hema la giza. Alimwaga dawa juu ya kioo, akakichovya katika maji ya chumvi ya fedha, akakitia ndani ya kamera kingali kibichi, akapiga, kisha akakimbilia hemani kukisafisha kabla hakijakauka. Na katika joto la kwetu kioo hukauka upesi. Kwa hiyo picha za wakati ule ni chache, nazo nyingi ni za pwani na mijini. Na watu waliopigwa wamekaa kama vigogo, uso mkavu, macho yamekazwa. Wajukuu huuliza kwa nini wazee wa zamani walikuwa wakali hivi. Hawakuwa wakali, waliambiwa wasitikisike. Aliyetikisika alitoka kama moshi, na njia iliyojaa watu wanaokwenda na kurudi ilitoka tupu, kana kwamba mji umehamwa. Mwenye kutazama picha kama hiyo leo aweza kuandika ya kuwa mji ule haukuwa na watu, kumbe walikuwako, illa hawakusimama.

Mambo yakageuka mwaka wa 1888, George Eastman wa Marekani alipoanza kuuza kamera ndogo aliyoiita Kodak. Ndani yake mlikuwa na filamu ya picha 100. Mwenyewe alibonyeza tu. Zikiisha aliipeleka kamera nzima kiwandani, akarudishiwa picha zake zimekwisha kusafishwa. Toka hapo kamera ikaanza kuwa chombo cha msafiri. Katika miaka iliyofuata Bwana Shauri alikuwa nayo, padre alikuwa nayo, injinia wa reli alikuwa nayo, na bibi wa mwenye shamba pia. Kila mmoja alinunua kitabu kikubwa cha karatasi nene nyeusi, akabandika picha zake, akaandika chini yake kwa wino mweupe. Alipomaliza kazi akarudi kwao na kitabu chake. Alipokufa, watoto wake hawakujua Kilosa ni wapi wala Lamu ni wapi, wakakiuza.

Ndivyo vitabu hivi vilivyoingia sokoni, na ndivyo vilivyopata wakusanyaji. Mwingereza mmoja, Humphrey Winterton, alikusanya vitabu na picha za Afrika Mashariki hata zikazidi 7,000, kuanzia mwaka wa 1860 mpaka 1960. Mwaka wa 2002 zilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Northwestern, kilichoko karibu na mji wa Chicago, Marekani. Picha nyingine nyingi, za Walther Dobbertin aliyekuwa mpiga picha Dar es Salaam wakati wa Wadachi, zimo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Chuo Kikuu cha Cambridge nacho kina zake. Wako wanaokasirika wakisikia haya, nasi twaielewa hasira yao. Lakini tuseme haki: karatasi zilizokaa katika nyumba kavu hazikuliwa na mchwa, na leo mtu wa Tabora mwenye simu aweza kuzitazama nyingi kwa njia ya intaneti bila kulipa nauli ya meli. Jambo linalotuudhi sisi ni jingine. Picha zilipohamishwa, zilihama pamoja na maneno yaliyoandikwa chini yake, na aliyeyaandika maneno hayo alikuwa mgeni. Asilolijua hakuliandika, na mara nyingi, alilolijua pia hakuona haja ya kuliandika.

Tutalirudia jambo hilo. Kwanza tutazame faida zilizomo.

Chukueni reli. Ile ya Uganda ilianza Mombasa mwaka wa 1896, ikafika ziwani, mahali paitwapo Kisumu, mwaka wa 1901. Wakubwa wa reli waliweka mpiga picha wa kazi hiyo, naye aliifuata njia hatua kwa hatua. Humo mwaonekana madaraja ya miti, mahema ya Wahindi waliokaribia 32,000 kwa jumla, ambao zaidi ya 2,400 walifariki, na uwanda mtupu wenye matope ambao reli iliufikia mwaka wa 1899, ndio Nairobi. Mtu asiyeziona picha zile hawezi kuamini ya kuwa watu waliokuwa hai wakati mahema yale yakisimamishwa waliishi wakaona nyumba za ghorofa mahali pale pale. Na kila atazamaye picha za Tsavo huulizia simba. Naam, yupo J. H. Patterson karibu na simba aliyemwua Desemba 1898, na ngozi za simba wale ziko Chicago, karibu na ziliko picha za Winterton, maana zilinunuliwa na jumba la makumbusho la huko. Simba wale wana historia yao iliyoandikwa tangu siku waliyouawa. Vibarua waliokuwa wakilala katika mahema yale wakiwasikia simba usiku, majina yao twayapata kwa shida.

Reli ya Kati nayo ilitoka Dar es Salaam mwaka wa 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma 1914, mwaka ule ule wa vita. Kwa picha zake mtu huona jinsi soko la Tabora lilivyokuwa kabla ya gari la moshi na baada yake, na jinsi wapagazi waliokuwa wakishuka pwani kwa misafara walivyopungua katika picha mwaka hata mwaka.

Picha hupima hata mlima. Mwaka wa 1912 Wadachi wawili, Klute na Oehler, walipanda Kilimanjaro, wakapima, wakapiga picha. Kwa kazi yao twajua ya kuwa barafu ya mlima ilikuwa yapata kilomita 12 za mraba. Ilipopimwa kwa picha za mwaka wa 2011 haikufika 2. Mzee wa Marangu akisema theluji ilikuwa ikishuka chini zaidi zamani za babu yake, vijana humwona mtu wa hadithi. Picha zipo, nazo zamshuhudia.

Sasa tuje kwenye kazi ya kujua tarehe, ambayo ni tamu kuliko chemsha bongo. Alama ya kwanza ni majengo. Beit-el-Ajaib ya Unguja ilijengwa mwaka wa 1883 na Seyyid Barghash. Ukiona picha ambayo mnara umesimama peke yake mbele ya jumba, jueni ni kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku manowari za Kiingereza zilipoupiga mji mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Mnara ule uliharibika, ukaondolewa. Ukaja kujengwa mwingine ulioshikana na uso wa jumba lenyewe. Na ukiona picha ambayo upande wa mbele umeporomoka pamoja na mnara huo wa pili, hiyo ni baada ya tarehe 25 Desemba 2020. Fundi ye yote wa kulirudisha jumba lile hana budi kuzitazama picha za zamani apate kujua nguzo ilisimama wapi na baraza ilikuwa na upana gani. Hapo picha ni ramani ya kazi.

Dar es Salaam vivyo hivyo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kidachi, na chini ya miguu yake askari Mwafrika. Waingereza walipoutwaa mji mwaka wa 1916 waliiondoa, ikapelekwa Ulaya, ikasimamishwa Hamburg, na mwaka wa 1968 wanafunzi wa huko wakaiangusha. Sanamu ya Askari mnayoijua iliwekwa mwaka wa 1927. Basi picha yenye Wissmann na picha yenye Askari haziwezi kuwa za mwaka mmoja, hata kama mwenye kitabu ameziweka ukurasa mmoja na kuandika juu yake mwaka mmoja. Wenye vitabu walipenda kubandika kwa uzuri. Utaratibu wa tarehe haukuwasumbua sana.

Alama ya pili ni nguo, na hapa mama zetu wanatushinda. Twashauri kila anayetazama picha ya pwani aketi na mama mtu mzima. Zamani za utumwa mtu alijulikana kwa alichovaa: mtumwa alifungwa merikani au kaniki, na kichwa chake kilikuwa wazi, miguu mitupu. Utumwa ulipofutwa Unguja mwaka wa 1897, nguo zikaanza kubadilika haraka. Mwanamke aliyekuwa amevaa kaniki sasa akataka kanga, na mwanamume akavaa kanzu na kofia. Jambo hili linaonekana katika picha kwa macho kabisa, kuliko linavyosomeka katika sheria yenyewe. Na kanga zenyewe zina tarehe. Maneno yake yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi. Picha ikiwa safi, ukachukua kioo cha kukuzia, waweza kuona ni herufi gani, na wakati mwingine waweza kulisoma neno. Mwanamke asiyetajwa jina katika kitabu cha mgeni amesimama pale akisema neno lake mwenyewe kwa kanga aliyoichagua, na mgeni hakujua ya kuwa anasemwa.

Hata hivyo, ndugu, picha hudanganya, na karani mwema hakubali shahidi bila kumhoji. Iko picha mashuhuri ya Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, amevaa nguo za fahari za kwao. Wengi hudhani ilipigwa Unguja jumbani. Ilipigwa Hamburg, alipokuwa amekwisha kuolewa na Mdachi na kuitwa Emily Ruete. Picha haikusema uongo; mtazamaji ndiye aliyejiongezea. Ndiyo maana twasema geuzeni karatasi, mtazame nyuma, maana wapiga picha wa kazi walipiga mhuri wa jina na mji wao. Unguja palikuwa na A. C. Gomes wa Goa na wengine, na kila duka la picha lilikuwa na pazia lake lililochorwa bustani au nguzo, na kiti chake na meza yake. Mkiona pazia moja katika picha tano za jamaa mbalimbali, mmekwisha kujua duka.

Kuna udanganyifu mwingine ulio mbaya zaidi. Ilikuwa biashara kubwa kupiga picha za watu na kuziuza kama kadi za posta, na chini yake huandikwa kabila tu: "Msichana wa Kiswahili," "Mnyamwezi mpagazi," "Mmasai." Msichana yule alikuwa na jina. Baadhi waliambiwa wavue, waketi hivi, washike hiki. Hatupendi kuzieneza picha za namna hiyo, wala hatusemi zichanwe, maana nazo ni ushahidi wa jambo lililotendwa. Twasema zitunzwe, na anayezionyesha ajiulize kama angemwonyesha hivyo bibi yake.

Sasa tumefika mahali palipotuleta. Iko picha iliyopigwa tarehe 1 Novemba 1868 katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Daphne. Waonekana watu waliotolewa katika jahazi la watumwa, wengi wao vijana na watoto, wameketi juu ya sitaha, wamekonda. Picha hiyo ilitiwa katika faili la serikali huko London, nayo imo mpaka leo. Tazameni basi: tarehe twaijua, jina la manowari twalijua, namba ya faili twaweza kuiomba. Katika wale walioketi, picha haimtaji hata mmoja. Walikuwa na mama zao. Walitoka katika vijiji ambavyo labda vingaliko. Mwandishi wa faili alifanya kazi yake sawasawa kwa kadiri alivyoagizwa, na hakuagizwa kuuliza majina.

Tukifungua vitabu vya miaka iliyofuata twaona mtindo ule ule, ila watu wamenenepa. "Bwana Fulani na watu wake." "Mimi na boi wangu." "Baraza ya Bwana Shauri." Bwana ametajwa kwa jina na cheo, farasi ametajwa kwa jina, mbwa pia. Tumeona kurasa ambazo mbwa watatu wametajwa na watu kumi na wanne hawakutajwa. Na katika picha hizi za boma, tazameni nyuma kidogo, upande wa kulia au kushoto wa meza. Yupo mtu amevaa kanzu nyeupe, au koti na kofia ya tarabushi, ameshika daftari kwapani. Huyo ni karani. Ndiye aliyeandika kodi, ndiye aliyefasiri mashauri, ndiye aliyemwambia Bwana Shauri nani ni jumbe wa kweli na nani amejitokeza jana. Kila jina la kila mlipa kodi wa wilaya lilipita chini ya kalamu yake, na jina lake mwenyewe halimo chini ya picha. Hatuwezi kulitazama hilo bila kusikia uchungu kidogo, maana yule ni babu yetu kwa kazi.

Wenzetu wa Tanga waliona mapema ya kuwa karani asiposema mwenyewe hatasemewa. Ndipo mwaka wa 1922 Martin Kayamba na wenziwe wakaanzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika katika Tanganyika. Kayamba alifika London mwaka wa 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, na aliandika mwenyewe habari za maisha yake na za safari yake. Huyo hatuna shida kumjua. Lakini wako mamia waliokaa mbele ya meza kama yake katika Songea, Mahenge, Bukoba, Malindi, na hao wamebaki koti na daftari.

Mtatuuliza, je, ingewezekana wakati ule majina kuandikwa? Iliwezekana sana, na mfano upo. David Livingstone alipokufa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia, watu wake waliuchukua mwili wake mpaka Bagamoyo. Miongoni mwao alikuwako kijana aitwaye Jacob Wainwright, Myao, aliyepata kuokolewa utumwani na kusomeshwa shule ya Nasik, Bara Hindi. Kwa kuwa alijua kuandika, yeye ndiye aliyeandika orodha ya vitu vya marehemu, sanduku kwa sanduku, na kuchora maneno katika mti uliokuwa pale, na alikuwa na kitabu chake cha safari. Kwa maneno mengine alikuwa karani wa msafara. Alisafiri na jeneza mpaka Uingereza, na ipo picha yake amesimama karibu na jeneza lile melini. Tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa mmoja wa waliolishika pazia la jeneza katika Kanisa la Westminster. Chuma na Susi, waliokuwa wakubwa wa msafara, walifika baadaye mwaka ule ule, nao wakapigwa picha pamoja na watoto wa Livingstone. Picha zile twazijua kila mtu kwa jina lake, kwa sababu walikuwako watu waliowauliza, na kwa sababu mmoja wao alikuwa na kalamu. Wainwright alifariki Urambo mwaka wa 1892. Laiti kila msafara ungalikuwa na mtu kama yeye.

Ama wale wa Vita Kuu ya Kwanza, wachukuzi wa mizigo, picha zao ni za mistari mirefu ya watu ipotelea porini, na vichwani masanduku. Mitaa miwili inayokumbusha jina la kikosi chao ipo, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Wana sanamu Nairobi pia, pamoja na askari. Jina la mtu hata mmoja halikuandikwa juu yake.

Hayo yote ni ya vitabu vya wageni. Lakini hata sisi wenyewe tunavyo vitabu, nasi tumevipuuza. Tangu zamani jamaa za mijini walikwenda kwa mpiga picha siku ya Idi, siku ya harusi, siku kijana alipopata kazi ya serikali na kununua viatu. Unguja, duka liitwalo Capital Art Studio lilifunguliwa mwaka wa 1930 na Ranchhod Oza, na picha zilizopigwa mle zimeingia katika nyumba nyingi. Humo mtu hakuambiwa akae vipi na mgeni. Alichagua nguo yake, akachagua nani asimame karibu naye, akalipa fedha yake. Kwa hiyo twaziona picha hizi zina thamani kupita zile za boma. Nazo zinapotea. Baada ya Mapinduzi ya mwaka wa 1964 jamaa nyingi ziliondoka Unguja, nyingine zikaenda Oman na nchi za Ghuba, nyingine Uingereza. Vitabu vingine vikaenda nao, vingine vikaachwa makabatini. Na zilizobaki hapa, unyevu na mchwa havina likizo. Kisha baba mtu hufa, watoto wakagawana mashamba na vyombo, na sanduku la picha likatupwa uani kwa kuwa hakuna amjuaye aliyemo.

Hapo ndipo hatari ilipo. Picha haifi siku inapochanika. Inakufa siku anapozikwa mtu wa mwisho anayemjua aliyemo ndani. Wako wazee katika mtaa huu huu wanaoweza kutaja watu kumi na wanne wa picha moja, na wana wa nani, na walikaa wapi, na nani alimwoa dada wa nani. Hatuna miaka mingi ya kuwauliza.

Kwa hiyo twawaomba jambo lenyewe. Kila mwanachama mwenye picha za kale nyumbani, au mwenye jirani anazo, aketi na mzee, amwulize, aandike. Aandike nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi, kwa mkono mwepesi, wala si kwa wino, maana wino hupenya na kula uso wa upande wa pili. Asibandike kwa gundi wala kwa utepe wa kunata. Bahasha iliyokuja na picha asiitupe, hasa yenye stempu na mhuri wa posta, kwa kuwa mhuri una tarehe na mji. Aulize wazee wawili, kila mmoja peke yake, wakikubaliana, vyema, wakikhitilafiana, ayaandike yote mawili pamoja na jina la kila msemaji, kama tufanyavyo katika maelezo ya mashahidi. Na asipopata jina, aache nafasi wazi. Kujaza kwa kubahatisha ni kosa kubwa kuliko kuacha wazi, maana atakayekuja nyuma hataulizia tena mahali palipojazwa.

Tena kuna adabu zake. Wako wazee wasiopenda picha za wake zao au za mama zao walio marehemu zitazamwe na watu wa nje. Wana haki. Hatuombi mtu alete asichoruhusiwa. Jina likiandikwa na picha ikarudi sandukuni mwake, kazi imefanyika. Picha zisiazimwe kiholela, kwa kuwa tumewaona wanunuzi wakipita majumbani wakitoa shilingi chache kwa kitabu kizima, na mwenye nyumba hujua thamani yake baada ya mtu kwisha kuondoka. Na kwa zile zilizoko Ulaya na Marekani, wenye hifadhi wamezoea kupokea barua kutoka kwa watu wanaowatambua waliomo. Kijana mwenye simu na mzee mwenye kumbukumbu wakae pamoja jioni moja. Wakimtambua mtu, waandike barua yenye namba ya picha, jina, na sababu ya kumjua. Barua za namna hiyo sisi twajua kuziandika kuliko watu wote.

Kamati imekwisha nunua daftari kubwa, na mistari imepigwa: namba, mwenye picha, mahali, mwaka kama wajulikana, waliomo kuanzia kushoto, aliyetuambia, na tarehe aliyotuambia. Daftari liko mezani kwa Bwana Katibu. Mzee wetu aliyeketi karibu na dirisha amekuja na picha tatu za makarani wa stesheni, amezifunga katika kitambaa, na anasema katika moja anawajua wote isipokuwa huyo wa pili kutoka kulia. Twaomba aanze yeye, na kila mmoja wenu apite amtazame huyo wa pili.